Usizime Gari

Asubuhi ya Jumatatu, mshonaji akiwa barazani anapinda upindo wa sketi ya shule, fundi wa redio za magari aliingia uani na flashi ndogo imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Hakuwa amemfuata mshonaji. Alimfuata mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Stoo kwa sababu maisha yake yote ya kazi alikuwa mtunza stoo, na hata baada ya kustaafu hakuacha. Ukimwomba akupitishie chumvi mezani, alikutazama kwanza kama mtu anayekumbuka kwamba ulishapewa mwezi uliopita.

Gari la Bwana Stoo lilikaa chini ya kibanda cha mabati ubavuni mwa nyumba. Lilikuwa dogo, la rangi ya chai iliyozidi maziwa, lililokuja kwake likiwa limeshazeekea mikononi mwa watu wengine, na tangu liingie uani halikuwahi kwenda mbali zaidi ya sokoni. Mahali palipokuwa na redio ya zamani ya kuzungusha kidude, sasa palikuwa na redio mpya yenye kioo kikubwa kama sinia. Ilikuwa redio nzuri, ila ilisema lugha ambayo hakuna aliyeijua. Ukibonyeza picha ya nyimbo, mwanamke wa ndani ya redio alikuarifu jambo kwa adabu kabisa, nawe ukabaki kumwitikia, "Ahsante."

"Inataka kuapdetiwa tu," fundi alisema. "Ukiiapdeti inasema Kiswahili."

"Kiswahili safi?"

"Kuliko changu na chako, mzee."

Fundi akawasha gari, akachomeka flashi, akabonyeza hapa na pale. Kioo kikawa cheusi, kisha ukatokea mstari mweupe ulioanza kujaa kutoka kushoto, mfano wa maziwa yanayopanda kwenye mrija. Chini ya mstari palikuwa na maandishi mekundu ya ile lugha isiyojulikana. Fundi hakuijua lugha, lakini maandishi hayo alikuwa ameyakuta kwenye magari mengi hata yakawa kama jamaa zake.

"Hapo inasema usizime gari mpaka imalize," alisema. "Ukizima katikati, redio imekufa. Hata mimi usiniite."

"Itachukua muda gani?"

"Chai tu. Ukimaliza kikombe, nayo imemaliza."

Mshonaji akaweka sketi chini, akaenda kuwasha jiko na kuchemsha chai. Aliporudi na sinia, wanaume wawili walikuwa wananong'ona, wakanyamaza kama watoto waliokutwa na sukari. Bwana Stoo alikunywa chai yake kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Mstari ulifika asilimia tisini na tisa, ukasimama. Akaongezwa kikombe cha pili, mstari ukabaki pale pale. Fundi aliwasha sigara, akakitazama kioo, akasema wakati mwingine hizi huwa zinapumua mwishoni, iachwe tu, akaenda kwa wateja wengine. Injini ikabaki inanguruma. Bwana Stoo akauingiza ndani ule mguu wa nje, akafunga mlango.

Kesho yake walipaswa kusafiri. Mfuko wa mshonaji ulikuwa umeshafungwa na kuwekwa nyuma ya mlango. Mama yake alikuwa kitandani, na haukuwa ugonjwa wa kutibiwa bali ule wa kumaliza, na kaka yake alikuwa amempigia simu kumwambia, "Dada, kama unakuja, njoo sasa. Usije ukaja kuzika."

Safari hiyo ilikuwa imeahidiwa kabla ya watoto wao wote kuzaliwa. Siku Bwana Stoo alipokwenda kumchukua bibi harusi, enzi hizo kijana mwembamba mwenye shati moja la maana, alifika kwa miguu. Mama mkwe aliviangalia viatu vilivyojaa vumbi, akauliza, "Na mwanangu ataondokaje hapa?" Kijana akajibu mbele ya wageni wote, "Leo tutatembea, mama. Lakini nitamrudisha kukusalimia kwa gari langu mwenyewe, na wewe utapanda." Wageni wakapiga makofi. Mama mkwe hakupiga. Alisema, "Haya. Nitalingoja."

Tangu hapo mshonaji alikwenda kwao kwa basi, peke yake, na kila alipofika, kabla hajaulizwa habari za watoto aliulizwa, "Gari liko wapi?"

"Linakuja, mama."

"Naona linakuja kwa magoti."

Gari lenyewe lilipopatikana, sababu nazo hazikukosekana. Kwanza ilikuwa matairi. Halafu vitambaa vya viti. Halafu Bwana Stoo alisema mtu mwenye heshima zake hawezi kwenda ukweni, safari ndefu namna ile, bila redio. Sasa redio ilikuwepo, na ilikuwa imesema lisizimwe.

"Tutakwenda ikimaliza," alimwambia mkewe kupitia dirishani. "Imebaki moja tu."

"Moja ipi?"

"Asilimia moja. Si unaona mwenyewe? Mtu hakitoi chungu motoni wakati kimebakiza povu moja."

Mshonaji aliona. Akaurudisha mfuko chumbani, lakini nguo hakuzitoa.

Jumatano ndipo alipotambua kwamba jiko halikuwa na haja ya mkaa. Vile vipande alivyoviwasha Jumatatu kwa ajili ya chai vilikuwa bado vyekundu, havijapungua, havijaota jivu. Akavinyunyizia maji kidogo ili aone, vikafoka, vikaendelea. Pasi yake ya mkaa nayo ikawa vile vile, inashinda na moto wake. Balbu ya barazani ilikataa kuzimika hata swichi ikibonyezwa, akaivika soksi ili isimsumbue usingizini. Alhamisi fundi alikuja kuangalia mstari, sigara ikiwa vidoleni.

"Ni ile ile ya Jumatatu," alisema. "Nimechoka kuvuta."

Akailaza kwenye ukingo wa dirisha la baraza, ikawa makao yake. Akija anavuta mara mbili, akiondoka anaiacha, na moshi wake mwembamba ukawafukuza mbu.

Habari ilifika kwa jirani wa geti la buluu, mwanamke ambaye habari zilikuwa na mazoea ya kufika kwake kwanza. Alikuja amebeba chungu.

"Nasikia jiko lako halizimiki."

"Halizimiki."

"Basi nitegeshee maharage, mwenzio nina miadi ya kusuka."

Wengine wakamfuata na vyungu vyao. Walipanga foleni bila kelele, wakachaji na simu kwenye gari, maana sindano ya petroli ilikuwa imelala kwenye robo tangu Jumatatu na haikusogea. Hakuna aliyeuliza kulikoni. Mtu akipata moto wa bure haanzi kuuhoji kwao ni wapi.

Bwana Stoo naye aliyazoea maisha ya garini upesi kuliko alivyoyazoea ya nyumbani. Alilaza kiti akapata kitanda. Kioo cha juu akakifanya cha kunyolea. Alitundika taulo kwenye usukani na miwani kwenye kijiti cha taa. Sinia ya chai ilimfikia asubuhi, ya wali mchana, na jioni chochote kilichokuwepo, vyote kupitia dirishani, na vyombo vikatoka vilikoingilia. Wapita njia walimsalimu naye akawapa ushauri juu ya mambo yao. Uso wake ulinawiri. Alipobanwa na haja alipiga honi mara moja, na mshonaji akaacha cherehani kuja kukaa mahali pake, asije mtu akapita akazima. Hizo ndizo nyakati pekee mshonaji alizopata kuketi ndani ya gari hilo. Alikaa mikono mapajani, akautazama ule mstari uliobakiza upana wa uzi, mpaka mumewe aliporudi akifunga mkanda na kumwambia, "Haya, shuka."

Mvua za kwanza zilikuja zikapita. Mmea wa kutambaa ulipanda gurudumu la nyuma ukatoa ua. Ndipo wifi yake, mke wa kaka yake, alipopiga simu.

"Wifi, huku kuna jambo. Mama hafi."

"Tumshukuru Mungu."

"Tunamshukuru, lakini hafi kabisa. Daktari alimsikiliza kifua, akaangalia saa yake, akasema huyu alikuwa wa kuondoka Jumatatu ile. Tukampa daktari chai, akanywa, akaenda zake. Na mshumaa niliomwashia kitandani Jumatatu hiyo hiyo haujapungua hata ukucha. Subiri, anataka kusema nawe."

Pumzi za mama zilisikika kama kitambaa kinachoburutwa juu ya meza.

"Mwanangu, huko kwenu mmewasha nini?"

"Gari, mama. Redio yake inaapdetiwa. Haliruhusiwi kuzimwa."

"Gari la nani?"

"La mume wangu."

"Lile langu?"

"Ndilo."

"Basi nisikilize. Mimi mgongo umeniishia maarifa. Nimelala upande wa kulia nikauchosha, nimelala wa kushoto nikauchosha, na mtu hakuumbiwa upande wa tatu. Nimeshaaga watu wote, mpaka nisiowapenda, nikawaambia maneno mazuri kwa vile nilikuwa naondoka. Sasa kila asubuhi nakutana nao. Ni aibu, mwanangu. Mwambie mumeo achague moja: alizime au alilete."

Mshonaji aliupeleka ujumbe pamoja na sinia ya mchana. Bwana Stoo alisikiliza huku anakula.

"Kulizima siwezi," alisema. "Fundi amekataza. Na kulileta ndiyo hivyo unavyoona, liko kazini. Maandishi mekundu hayo hapo, si mimi niliyeyaandika."

"Mama ana maumivu."

"Lakini si mzima? Si umeongea naye leo? Wenzako wanakesha wakiomba mama zao wasife, wewe unaletewa bure unakunja uso." Akamwaga mchuzi juu ya wali, akauchanganya. "Na nikizima, nitakuwa mimi ndiye niliyemuua mama mkwe wangu. Unataka hilo lisemwe? Asubiri kidogo. Imebaki moja tu."

Mshonaji akachukua vyombo. Alirudi kwenye cherehani akashona upindo mzima upande wa nje, akaufumua, akaushona tena.

Fundi alipokuja kuvuta mara zake mbili, alimkuta anapiga pasi mikunjo ya sketi.

"Fundi," mshonaji alisema bila kuinua uso, "ulisema gari lisizimwe. Likitembea je?"

"Likitembea wapi, mama?"

"Popote. Likitembea redio itakufa?"

"Kwani gari kazi yake nyingine ni ipi?" Fundi alipuliza moshi. "Unaweza kwenda nalo hadi mwisho wa dunia, mradi usizime. Tena ndiyo vizuri, betri inapata chaji. Mbona nilimwambia mzee siku ile ile, ulipokwenda kuchemsha chai."

"Akasemaje?"

"Akasema hilo nisilitaje mbele yako, utamtia barabarani kabla hajameza." Fundi alisikia maneno yake mwenyewe yakiwa yameshatoka. Akaitazama sigara, akairudisha ukingoni polepole kama mtu anayelaza mtoto. "Mimi na redio tu, mama. Ya ndani ya nyumba siyajui."

"Huyajui," mshonaji alikubali.

Akamaliza kupiga pasi mikunjo yote ya sketi ile, kwa kuwa mwenye sketi hakuwa na kosa. Akaingia chumbani, akachukua mfuko uliokuwa bado umefungwa, akaenda hadi kwenye gari, akafungua mlango wa abiria, akaketi. Mfuko akaupakata.

Bwana Stoo alikuwa anajinyoa. "Sijabanwa," alisema.

"Najua."

"Na mfuko?"

"Nakwenda kwa mama."

"Si nimeshakwambia kwamba hili..."

"Limeambiwa lisizimwe. Halikuambiwa lisiende."

Bwana Stoo aliangalia barazani, akaiona sigara ikifuka peke yake ukingoni, fundi hayupo. Akapangusa povu la sabuni shavu moja, la pili akalisahau.

"Barabara ya kwenu mbovu," alisema. "Litatikisika, waya utachomoka."

"Nimeshapanda."

Wakakaa. Jioni ilikuja na sinia haikuja. Asubuhi ilikuja na chai haikuja. Bwana Stoo alipiga honi kwa mazoea, na aliyepaswa kuja alikuwa amekaa kando yake. Jirani wa geti la buluu aliingia na chungu chake, akawaona wamekaa mbele wawili kama picha ya harusi.

"Mnasafiri?"

"Tunasafiri," mshonaji alisema.

"Safari njema."

Akategesha maharage. Yalipoiva hakuyabeba kwenda nayo kwake kama siku zote. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Alivuta kigoda akakiweka upande upepo unakotokea, akala kwa kijiko, taratibu, akisifia vitunguu. Tumbo la Bwana Stoo likasema. Lilisema jambo refu lenye mwanzo na mwisho, na mtu wa kulijibu hakuwepo.

Akakanyaga klachi, akatia gia. Mmea wa gurudumuni ukakatika kwa sauti ndogo, na gari likatoka uani.

Njia nzima sindano ya petroli ilikaa kwenye robo. Walipoiacha barabara kuu na kushika ile ya kwao mshonaji, gari liliteleza kama kijiko kwenye uji. Ilikuwa lami tupu, yenye mstari mweupe katikati na mifereji pembeni.

"Kumbe wametengeneza," Bwana Stoo alisema.

"Walitengeneza mtoto wetu wa pili akiwa darasa la tatu."

Mtoto huyo wa pili sasa alikuwa na watoto wake, nao wamo darasani. Bwana Stoo akashika usukani kwa mikono miwili mpaka wakafika.

Kaka mtu alitoka mlangoni, akalisikia gari, akarudi ndani bila kusalimia. Akatoka tena yeye na mkewe wamembeba mama kwenye kiti, amefungwa blanketi hadi kidevuni, fimbo mkononi. Hakutaka kusogezwa kwa wageni. Alitaka kwanza azungushwe. Wakamzungusha. Aligonga tairi moja kwa fimbo, akagonga la pili, akaliona ua lililobaki kwenye gurudumu la nyuma.

"Ndilo hili?"

"Ndilo, mama," Bwana Stoo alisema dirishani. "Shikamoo."

"Marahaba. Hushuki?"

"Siwezi kushuka, mama. Linaapdetiwa."

"Kaa basi." Alimtazama lile shavu lenye povu lililokauka. "Ni dogo. Kwa jinsi nilivyolingoja, nilidhani litakuwa na ghorofa."

"Lina nguvu, mama."

"Linaonekana. Limenishika roho muda wote huu na mimi niko huku."

Wakamwingiza kiti cha nyuma, mshonaji akaketi naye, mabega yakagusana. Mama alikuwa mwepesi kama nguo zilizokauka. "Twende," alisema, na Bwana Stoo akaendesha hadi njia panda, akageuza, akarudi. Mama aliangalia nje kupitia dirisha na kuwapungia mkono watu aliokutana nao kila siku, hata wale wa aibu, maana sasa alikuwa anawapita. Walipoingia tena uani alisema, "Tia muziki."

"Haiimbi kwa sasa, mama. Ikimaliza ndiyo itaimba."

"Kwa hiyo umeniletea gari bubu." Akacheka. Kicheko kilimuuma, akakicheka chote.

Ndipo mstari ukajaa. Hakuna aliyeuona ukisogea. Ulikuwa na upana wa uzi uliobaki, kisha hakukuwa na uzi. Kioo kikawa cheupe, na yule mwanamke wa ndani akasema, kwa Kiswahili safi, "Karibu. Kazi imekamilika. Sasa unaweza kuzima gari."

Mama aliinua kichwa.

"Nani huyo?" mama aliuliza.

"Redio, mama," mshonaji alisema.

"Ana adabu." Akaegemeza kichwa kwenye kitambaa kipya cha kiti. "Umesikia, baba. Zima."

Bwana Stoo alishika ufunguo. Katika kile kioo chake cha kunyolea alimwona mama mkwe na mkewe, wamekaa sambamba, nyuso zimefanana kuliko alivyowahi kugundua.

"Mama, tunaweza kusubiri kidogo," alisema.

"Kwa hilo wewe ni bingwa. Zima."

Mkono haukugeuka. Mshonaji alikuwa ameshika mkono wa mama yake, ule wenye fimbo, wakaishika fimbo pamoja.

"Zima," alisema mshonaji.

Akazima. Injini ikatikisika mara moja ikanyamaza, na mama akanyamaza nayo. Ndani ya nyumba mshumaa ulizimika ukatoa uzi wa moshi. Mbali kule walikotoka, jiko lilipoa chini ya maharage ya watu yakiwa hayajaiva, balbu ikalala ndani ya soksi yake, na pale ukingoni sigara ikawa jivu kwa urefu wake wote mara moja, haijabadilisha umbo.

Walimzika kesho yake. Watu walikuwa wengi, hata wasiopendwa walikuja, wakasema marehemu aliwaambia maneno mazuri. Baada ya mazishi wanaume walisimama kwenye dirisha la gari, pole zikaisha, wakaanza kuisifu redio. Bwana Stoo aliwaonyesha jinsi inavyosema. Alieleza kwamba kazi ile inataka subira, si ya kila mtu, na kwamba mwenye haraka angeshaiua zamani. Pia alisema kuwa alimwahidi mama mkwe atampandisha gari lake, na amempandisha. Walimwitikia. Ilikuwa kweli.

Siku ya kuondoka mshonaji alitoka na mfuko wake. Alikuwa na sketi za watu, na shule zilikuwa zinafunguliwa. Bwana Stoo aliwasha gari, na yule mwanamke wa ndani akasema, "Kuna toleo jipya. Je, ungependa kuanza sasa?"

"Tutaliona nyumbani," mshonaji alisema, mkono kwenye kitasa.

"Naliangalia tu. Sijabonyeza."

"Nyumbani kuna fundi."

"Sasa inasema Kiswahili, fundi wa nini? Ni chai tu hii." Macho yake hayakutoka kwenye kioo. "Wewe tangulia. Nakuja."

Mshonaji aliachia kitasa. Hakugombana, alimuaga kaka yake, akamuaga wifi yake, akatembea mpaka njia panda, akapanda basi. Mwenye kukata tiketi alimfahamu kwa miaka, akamwambia, "Pole kwa msiba, mama. Dirishani kama kawaida?" Akakaa dirishani kama kawaida.

Nyumbani jiko lilikuwa baridi na mkaa wake umekuwa jivu kama wa wenzake. Alilizoa, akatia mkaa mpya, akakwaruza kiberiti, akawasha. Njiti akaipuliza. Haikuzima. Akaipuliza tena, kwa mashavu yote mawili. Moto uliinama, ukainuka, ukabaki pale pale kwenye njiti bila kuila.

Mshonaji aliitazama. Akajua kwamba mumewe amebonyeza.

Akaisimamisha ndani ya glasi kwenye ukingo wa dirisha, mahali palipokuwa na jivu la sigara, kwa sababu giza lilikuwa linakaribia na taa ni taa. Haikuchukua muda geti la buluu likalia.

"Limeanza tena?" jirani aliuliza, chungu kiunoni.

"Limeanza."

"Basi nitegeshee haya. Yale yaliniharibikia katikati, na sikukulaumu, ulikuwa na msiba."

Maharage yalikuwa yanaanza kunukia wifi yake alipopiga simu.

"Umefika salama, wifi?"

"Salama."

"Sasa huyu mumeo hapa uani. Anapiga honi mara moja halafu ananiangalia. Ana maana gani?"

"Anataka kwenda haja. Ukakae garini mpaka arudi, asije mtu akazima."

"Aa." Wifi alifikiri. "Na chakula nimempelekea. Anasema chumvi kidogo."

"Ndiyo kawaida yake."

"Mpaka lini, wifi?"

"Muulize imebaki ngapi."

Ikasikika miguu ya wifi ikivuka ua, na sauti ya injini ikikaribia, na sauti ya Bwana Stoo ikijibu kwa furaha.

"Anasema moja tu," wifi alisema.

Simu ikakatika. Mshonaji akaipua sufuria yake, akapakua sahani mbili kwa mazoea, akaziweka kwenye sinia, akainyanyua sinia hadi mlangoni. Pale akasimama. Kibanda cha mabati kilikuwa kitupu, mafuta yaliyovuja yamechora duara jeusi chini. Akarudi barazani, akakaa karibu na njiti yake, akala zote mbili.